Flashi Ndogo na Kitabu cha Ntirenganya

Alhamisi, 27 Mei 2021. Saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Mji ulikuwa unakimbia. Wao walikuwa wanapanga kuingia.

Chumba cha nyuma cha fundi cherehani, mtaa wa Murara. Nje, magodoro na mabeseni yalipita juu ya vichwa vya watu kuelekea barabara ya Sake. Ilikuwa siku ya tano tangu volkano ya Nyiragongo itapike. Ardhi bado ilitetemeka, na alfajiri amri ilikuwa imetoka: mitaa kumi ihame. Ndani, watu watatu waliizunguka meza ya kukatia vitambaa.

Djibril alichora ramani ya ofisi kwa chaki. Alikuwa fundi wa kuunga vyuma, mwenye mikono inayozijua kufuli za watu kuliko wenyewe.

"Ntirenganya amevuka mupaka. Sentinele wake, yule mulinzi, amekimbia. Stoo ya chuma iko hapa, haina dirisha, umeme haiko. Ufunguo ni huu." Alikuwa ameuchonga kwa alama aliyoiba kwenye kipande cha sabuni, siku alipoitwa kutengeneza geti.

Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na kitabu. Ntirenganya, dalali wa viwanja, aliuza kiwanja kimoja mara tatu, na kila mauzo aliyaandika ili akumbuke amemdanganya nani nini. Kila ukurasa ulikuwa na mhuri na alama ya kidole gumba, umefunikwa kwa plastiki. Ukurasa wa 41 ulikuwa wa Niyigena, dereva wa pikipiki, wa pili pale mezani, aliyenunua kiwanja akiwa bado mkimbizi kwenye kambi ya Kanyaruchinya. Ukurasa wa 118 ulikuwa wa mama Kuluthumu, mamake Sumaya. Lava ya 2002 ilikula nyumba yake ya kwanza. Ya pili, aliyoijenga kwenye kiwanja hicho, ilikuwa na wenyewe wengine wawili, na mmoja alishaahidi kuleta tingatinga.

"Kitabu hatuibi," alisema Sumaya, mpiga picha wao. "Tunakipiga picha, tunakiacha. Mji ukirudi, avoka, wakili wa mama, anakuja na watu wa mahakama, wanakikuta mahali pake. Kikipotea, Ntirenganya atasema picha zetu tumezitunga."

"Sawa, mademoiselle. Na taa?"

Mezani zilikaa flashi mbili za kamera. Moja kubwa, yenye kichwa kirefu kama chupa. Nyingine ilienea kiganjani. Djibril aliinyanyua ile kubwa.

"Hii iko na nguvu."

"Nguvu ya nini?" Sumaya aliigonga kamera yake kwa kidole. Ilikuwa ya telemetri, ile ya kupimia umbali kwa jicho, ya dijitali, nyeusi na nzito. Mwandishi wa habari wa kigeni alimwachia baba wa Sumaya, waasi walipoingia mjini mwaka 2012, na hakurudi kuichukua. "Hapa hakuna kioo ndani. Unatazama kwa kidirisha cha pembeni, unaona vivuli viwili vya kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka vilaliane. Hilo lidude likikaa juu, kamera inalala upande kama mulevi. Tena lugha yake na ya kamera haziingiliani. Kila mara litatoa nguvu yote, halafu ungoje sekunde kumi lijae. Hii ndogo ninaipangia mimi. Robo ya nguvu, sekunde mbili, imejaa. Betri mbili zinamaliza kitabu."

"Iko kama sabuni ya hoteli."

"Si sabuni iliyokupa ufunguo, Yaya?" Sumaya alimwita hivyo kama kaka mkubwa.

Niyigena alicheka puani. "Na telefone?"

"Taa yake itang'aa kwenye plastiki, mhuri usionekane. Flashi itakaa kando, kwa waya. Mwanga uje ubavuni."

Djibril aliirudisha ile kubwa mezani taratibu, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Saa tano kasoro robo.

Ofisi ya Ntirenganya ilinuka vumbi la mlima. Mlango wa stoo ulifunguka bila kelele.

Sumaya alipiga goti. Shingoni alining'iniza uzi wenye fundo kwenye sentimita sabini. Kamera ile haioni kitu kilicho karibu zaidi ya hapo. Aliuvuta uzi hadi kitabuni na kusimamisha lenzi. Niyigena alishika flashi kwa kuilaza, leso nyeupe mbele yake.

Mwanga. Sekunde mbili. Taa nyekundu: imejaa. Funua. Mwanga.

Walipofika ukurasa wa 41, Niyigena aliitazama alama ya kidole chake mwenyewe kwenye karatasi. Lililomleta lilikuwa limeisha. Hakuondoka.

"Lete, upumzike," alisema Djibril walipofika sitini, akaichukua flashi.

Kurasa kumi baadaye Sumaya alitazama kioo cha picha, nyuma ya kamera. Weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika.

"Umegusa hii gurudumu ya nguvu?"

"Nimeongeza kidogo. Iwake vizuri."

"Nilisema robo."

"Mutoto wa kike, usinifundishe kazi."

Walizirudia zote kumi. Flashi ilikuwa ya moto sasa, na ilianza kulia kama mbu kabla ya kila mwanga.

"Betri za akiba?"

"Nimeziweka kwa tochi," alisema Djibril.

"Toa."

"Tubaki kwa giza?"

Saa sita na dakika tano.

Ukurasa wa 117. Mwanga ulitoka dhaifu, lakini mhuri ulisomeka. Simu ya Djibril ikatetemeka. Aliondoka na tochi kwenda uani, kwenye mtandao. Niyigena akawasha telefone yake.

Sumaya alifunua ukurasa wa mwisho aliouhitaji. Kidole gumba cha mamake, kidogo, kimekaa upande. Akangoja taa nyekundu.

Flashi ililia. Taa haikuwaka.

Kutoka uani sauti ikaingia, ya chini, yenye adabu ambayo Djibril hakuwahi kuwapa wao. "Ndiyo, patron. Kitabu chenyewe, si picha. Nakuletea kwa barrière ya mupaka saa saba. Unakichoma mwenyewe."

"Ametuuza kwa Ntirenganya," Niyigena alinong'ona. Akajaribu kupiga ukurasa kwa telefone. Doa jeupe lilifunika mhuri wote.

Nyekundu bado haikuwaka. Uani, Djibril alianza kuaga. Sekunde thelathini nyingine, na mamake angekuwa ndani ya kamera. Sekunde thelathini nyingine, na kitabu kingekuwa mkononi mwa Djibril, na majivu kabla ya jioni.

Sumaya alikifunga kitabu. Alikirudisha rafuni, akamsukuma Niyigena nje, akavuta mlango, akazungusha ufunguo ulioachwa mlangoni. Kisha akaendelea kuzungusha. Ulikuwa wa shaba laini. Ulikatika ndani ya kufuli kwa mlio mdogo.

Djibril alisimama nyuma yake. "Fungua."

Alimwonyesha kipande kilichobaki. Djibril alikitazama kipande, akatazama mlango wa chuma. Mtaa mzima haukuwa na umeme wa kuwashia mashine yake. Akachomoa bastola ambayo hakuwahi kuwaonyesha na kumpiga nayo Sumaya mdomoni.

Niyigena alimshika Sumaya kiunoni kabla hajaanguka, akafungua geti kwa teke. Barabara ilikuwa imejaa. Akina mama wenye magodoro walisimama wakatazama damu, kisha bastola, kisha uso wa Djibril, mmoja mmoja, kama watu wanaokariri. Bastola ilirudi chini ya shati.

Lakini simu ilikuwa bado hewani. Djibril alifungua sauti na kuinyoosha mbele.

"Binti wa Kuluthumu," alisema Ntirenganya, mpole kama mgeni wa sikukuu. "Umekasirika, ninaelewa. Sema pardon, uombe msamaha, umuachie Djibril kamera. Kiwanja cha mama yako kinarudi leo leo, kwa maandishi."

"Mutu anakupa nyumba," alisema Djibril. "Neno moja tu, dada."

Mbele, katikati ya umati, mama Kuluthumu alikuwa mahali fulani akitembea na sufuria zake kwenda Sake. Sumaya aliivuta kamera ya shingoni ndani ya mtandio, akatema damu pembeni, akasogeza mdomo karibu na simu.

"Mama yangu yuko ndani ya stoo, papa, ukurasa wa 118, na mlango umekwama. Atangoja mahakama. Wale mia moja na kumi na saba ninao hapa shingoni. Pardon sikuja nayo, na sikuombi."