Sauti ya Kaliza Kwenye Magari ya Maziwa

Kisanduku kilisema, "Gari mbele, punguza mwendo," na mbele hapakuwa na gari. Palikuwa na ukuta wa yadi ya Busanza, na paka.

Kaliza alicheka, maana sauti ilikuwa yake. Ndiye fundi aliyefunga visanduku hivyo kwenye magari yote ya maziwa ya kampuni, ili yapashane habari hewani: nani anafunga breki, nani anatokeza kwenye kona. Maonyo alikuwa ameyarekodi mwenyewe, sentensi tatu tu, kwa Kiswahili, kwa kuwa madereva walitoka kila upande wa mpaka. Mmoja wao, Gasana, alikuwa mume wake.

"Setilaiti inayumba," alisema Keith, meneja, mtu asiyekosa jibu. Tangu siku hiyo hakupanda tena gari lile. Alidai maziwa yanamdhuru.

Kisha ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua, na tangi lilikuwa tupu. Kaliza akachomoa waya wa umeme, akasubiri taa izimike, ikazimika, akashusha pumzi, na pale pale kisanduku kisicho na umeme kikavuta pumzi nacho, taratibu, kama mtu aliyelala nyuma ya mlango, kikasema kwa sauti yake jambo ambalo hakuwahi kulirekodi popote:

"Nimechoka kuwaonya."

Wakamwita Ilyasi, shehe wa Biryogo anayejulikana kwa kutoa majini. Aliingia kwenye gari, akafukiza ubani, akasoma mpaka shati likamganda mgongoni.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Mpita njia," ikajibu sauti ya Kaliza. "Njia mmenifungulia ninyi."

"Toka humu!"

Harufu ikakatika. Keith, aliyekuwa haamini majini, akapiga makofi kuliko wote.

Ilyasi hakufurahi. "Dada, hiki kitu kinaongea na nani?"

"Na vingine vyote, shehe. Kwenye magari yote."

Akafunika chetezo chake. "Mngeniambia mapema. Nimemtoa humu tu."

Wakati huo Gasana alikuwa anateremka kuelekea Kimisagara, tangi limejaa, ukungu umeziba bonde. Kaliza akampigia simu.

"Gasana, simamisha gari!"

"Sha, mpenzi, unanichanganya," akasema kwenye spika. "Hapa unaniambia njia iko wazi, nikaze mwendo."

"Si mimi!"

"Nani basi? Mimi nakujua hata ukikohoa."

Na nyuma ya injini inayonguruma Kaliza akajisikia mwenyewe akiongea, polepole, kwa ule upole ambao hakuwahi kuutoa nje ya chumba chao: "Usimsikilize huyo wa kwenye simu, mume wangu. Songa."

Akapiga kelele, akaliita jina lake, akaliita tena.

Gasana akacheka kidogo, kama mtu aliyekwisha kuchagua, akakata simu.