Viatu Vilivyobaki Kilimani

Asmini iliyochumwa kwa ajili ya sala hailazwi. Ndivyo alivyosema Ba, na Ba akishasema, nyumba nzima huinuka. Kwa hiyo jioni ile ya Jumamosi, ingawa wingu lilikuwa limekaa vibaya, Loveness alipanda gari akiwa amepakata sahani ya maua na nazi moja, wakashika njia ya Bunju kwenda hekaluni.

Ba ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Jina lake hasa lilikuwa Hansaben, mjane wa Kihindu aliyezaliwa Dar es Salaam na kuzeekea hapo hapo. Loveness alikuwa msichana wake wa kazi.

Dereva aliitwa Leodegar. Ni kwa sababu yake Loveness aliitafuta kazi ile, ingawa Leodegar hakulijua hilo.

Kabla ya Loveness, kazi hiyo ilikuwa ya dada yake, Clara. Mwaka uliopita Clara alipanda kilima cha hekalu na Ba, hakurudi. Aliyerudi ni Leodegar na maneno yake: Clara katoroka na kijana wa bodaboda. Watu wakaamini. Msichana wa kazi akipotea, kitu cha kwanza watu wanachotafuta ni mwanaume. Mama yao, Kokuberwa, peke yake ndiye hakuamini. Akaacha kutia komeo mlangoni usiku, eti Clara asije akakosa pa kuingilia. Na kwa kuwa Clara ndiye aliyekuwa akimsomesha mdogo wake, sare ya Loveness ilikunjwa ikalazwa chini ya godoro.

Loveness alitaka kujua dada yake yuko wapi. Akishajua, alitaka mtu alipe. Basi.

Lami iliisha. Vichaka vikasogea mpaka vikawa vinapapasa vioo.

"Dogo, umenyamaza kama umemeza jiwe," Leodegar alisema. "Unaogopa masanamu?"

"Siogopi, braza."

"Aliyekuwepo kabla yako naye alikuwa hivyo hivyo. Mpole, macho chini. Kumbe!" Akacheka mpaka akapiga usukani. "Saa hizi yuko huko anakula ujana wake."

Loveness alikaza vidole kwenye sahani. Kiti cha nyuma, Ba alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala.

Hekalu lilikuwa juu kabisa, jeupe, limezungukwa na miti mikubwa yenye ngedere. Chini kulikuwa na geti, mlinzi, na rafu ya viatu chini ya bati. Kuanzia pale hadi juu, kila mtu ni miguu mitupu. Leodegar hakuwahi kuvua buti zake. "Mie Mkatoliki, nasubiri garini," alikuwa akisema kila safari.

Loveness alivua ndala zake za kijani. Akainama kuziweka kwenye rafu.

Akaviona.

Viatu vyekundu vya wazi, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe. Uzi ule aliushona yeye mwenyewe, Loveness, usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, Clara akimmulikia kwa simu na kumcheka.

"Shikamoo, mzee Mwishehe," alimwambia mlinzi. Sauti haikuwa yake. "Hivi vya nani?"

"Marahaba." Mzee alitazama upande wa gari kwanza, kisha akanong'ona. "Mwenyewe hajashuka. Nimevitupa bondeni si mara moja. Asubuhi navikuta hapo hapo, vimelowa. Nimeacha. Kiatu ambacho mwenyewe hajashuka hakiguswi, mwanangu. Na wewe ukishuka, chukua vyako."

Walianza kupanda ngazi za mawe, mkono wa Ba begani kwa Loveness. Katikati ya njia Ba alisimama, kama anayevuta pumzi.

"Nilikujua siku ya kwanza," alisema. "Uliingia jikoni kwangu peku. Miguu yako ni ile ile ya Clara. Hata kidole cha mwisho kilivyojikunja."

Loveness alimgeukia. "Mbona hukusema, Ba?"

"Nilikuwa nangoja hasira yako iive."

Ngedere walinyamaza juu ya miti. Ba akaendelea kwa sauti ndogo, kama anayesimulia bei ya vitunguu.

"Siku ile nilikuwa nasali. Clara alikwenda nyuma, kwenye kisima, kunichotea maji. Nikasikia buti zinapita nyuma ya ukuta, zikitokea upande wa vichaka, si wa geti. Hekaluni kiatu kinasikika, mtoto wangu, kwa sababu hakuna mwenye kiatu. Ningesema, nani angenisikiliza? Kizee, usingizi wa mchana."

"Yuko kisimani?"

Ba aliinua mguu kwenye ngazi iliyofuata. Alisema tu, "Hili si la dini yangu. Ni la kilima, lilikuwepo kabla hatujajenga. Kilima hiki kinawajua watu wake kwa viatu walivyoacha. Vya Clara vikishuka, Clara atashuka. Lakini lazima vingine vibaki."

Juu hapakuwa na mtu. Taa moja ya mafuta ilikuwa ikiwaka mbele ya mungu wao. Ba aligonga kengele, akapanga maua polepole, akaunganisha viganja. Kisha, kwa utulivu uleule, akajilaza sakafuni.

"Nenda ukamwite. Mwambie Ba ameanguka. Mwishehe hatamruhusu kupita na viatu."

"Ba... Mungu wako hatakasirika?"

"Nitamjibu mwenyewe. Nenda."

Loveness alishuka mbio. Hakuhitaji kujilazimisha kulia.

"Braza Leo! Ba ameanguka! Siwezi kumbeba!"

"Puu! Kizee gani hiki..." Leodegar alitoka garini, akafika getini.

"Viatu, bwana mkubwa," alisema Mwishehe.

"Mtu anakufa huko, we unaniambia viatu?"

"Viatu."

Leodegar alivua buti akizitupa chini kwa hasira. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, laini, kama za mtoto mchanga. Zikapanda ngazi, zikamezwa na miti.

Giza lilikuwa limeshaingia. Mwishehe aliingia kibandani, akageuzia geti mgongo. Loveness akabaki na rafu, buti mbili, na viatu vyekundu.

Je, kama Ba amekosea? Je, kama zilikuwa buti za mtu mwingine?

Ndipo akasikia.

Chap... chap... chap...

Miguu iliyolowa, juu ya mawe. Waabudu hulizunguka hekalu lile mkono wa kulia ukiwa upande wa ukuta. Nyayo zile zilizunguka kinyume. Harufu ya asmini ikashuka na upepo, na nyuma yake harufu nyingine... matope ya kisima, majani yaliyooza.

"Ba?" Sauti ya Leodegar, juu. "Nani huyo anazunguka?"

Chap... chap...

"Nani wewe? Simama hapo hapo!"

Zikasimama.



Kisha Leodegar akaongea tena, na safari hii aliongea kama mtoto.

"Kile kisima nilikifunika... Clara, wallahi nilikifunika mwenyewe!"

Mkatoliki yule aliapa kiapo kisicho chake. Na Loveness hakuwa na swali tena.

Alivitoa viatu vyekundu kwenye rafu. Vilikuwa vya baridi, vizito kuliko viatu. Akaziokota buti, akazipanga mahali palepale, ncha zikielekea kilimani. "Kaa," alizinong'onezea. "Kaa na wewe ujue." Viatu vyekundu vikamponyoka, vikaanguka mbele ya miguu yake sawasawa, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Akavivaa. Vilimwenea kama aliyevipima.

Akavuka geti, akatoka nje.

Juu kilimani mtu alipiga ukelele mmoja, mrefu, ukashuka chini... chini zaidi... kama unaoingia ndani ya kitu. Ukakatika.

Ngedere wakaanza kulia tena.

Ba alishuka peke yake. Hakushika ukuta, wala hakutafuta bega la mtu. Alivaa viatu vyake taratibu, akajifunga mtandio.

"Yuko wapi?" aliuliza Loveness.

"Ameenda kuchota maji," alisema Ba.

Mwishehe aliwaitia bajaji kutoka Bunju. Kijana wa bajaji aliambiwa kwamba dereva wa gari amepatwa na dharura.  Njiani Loveness aliona kwamba Ba alikuwa amejibana pembeni kabisa mwa kiti, kama anayempisha mtu wa tatu. Na alipotaka kumuuliza kwa nini, Ba aligeukia nje. Alikuwa akiogopa kumtazama.

Ba alishuka kwanza. Loveness akaomba apelekwe kwao, Mwananyamala. Alitaka kumwona mama. Alitaka kumwambia: Clara ameshuka, mama. Tumelipiza. Njia nzima aliyapanga maneno hayo, na njia nzima yalikuwa yakimponyoka moja moja.

Mlango ulikuwa wazi bila komeo, kama kawaida. Alisukuma, akaingia. Maji yalidondoka kwenye saruji nyuma yake. Hakukumbuka kunyeshewa.

Chap... chap...

Mama alitoka chumbani na tochi ya simu. Mwanga ulianza miguuni, kwenye mkanda ulioshonwa kwa uzi mweupe. Ukapanda polepole hadi usoni. 

"Clara!"

Alimrukia, akamkumbatia, akalia kilio cha mwaka mzima. "Clara wangu! Nilisema mie! Niliwaambia utarudi! Mbona wa baridi hivi, mwanangu? Mbona umelowa?"

*Mama, ni mimi. Ni Loveness.*

Alifungua kinywa kusema. Koo lake lilikuwa limejaa maji yenye ladha ya majani yaliyooza.

"Na mdogo wako?" Mama alichungulia nje, gizani, machozi na kicheko pamoja. "Alikuwa anakutafuta huyo! Hamkuonana? Loveness yuko wapi?"

Hapo ndipo alipozikumbuka.

Ndala za kijani. Ziko kwenye rafu kule chini ya kilima, ubavu kwa ubavu na buti za Leodegar, na mzee Mwishehe hatazigusa.