Mlango wa Jenerali Tredgold

Mkwaruzo wa kwanza ulionekana chini ya mlango wa mbele, kimo cha mbwa, na nyumba ile haikuwa na mbwa. Jenerali Ambrose Tredgold akaamuru upakwe rangi. Kesho yake ulirudi, na harufu ya baruti juu yake.

Zamani, alipokuwa kanali kule Afghanistani, alimfungia lango la ngome Kapteni Wroth. Kapteni alirudi akitambaa na majeraha yake, adui bado yuko mbali. Lakini ushindi wa siku ile ulikuwa wa Wroth, Tredgold akautamani, na maiti haidai sifa. Wroth alikwaruza mbao mpaka akanyamaza. Tredgold akavishwa nishani, akapanda cheo juu ya cheo. Aliyejua ni Jukes tu, askari aliyeshika funguo, ambaye sasa ni mtumishi wake hapa mjini Cheltenham, Uingereza. Siku hizi Jukes alimimina chai akiuangalia mlango.

Kasisi aliitwa, akasoma sala, akaondoka bila kumaliza keki yake.

Siku ya theluji kubwa, wakati wa chai, sauti ikaja tena, kwaru, kwaru, polepole, na safari hii nyuma yake kulikuwa na pumzi, na nyuma ya pumzi maneno, ya chini, yaliyokatikakatika kama ya mtu mwenye homa, yakipenya tundu la ufunguo mpaka mezani: "Baba. Nifungulie."

Bibi Lavinia, mke wa Jenerali, akasimama. Mwana wao wa pekee, Luteni Edmund, alikuwa njiani kutoka vitani.

"Mwanangu huyo."

"Meli yake haijafika. Keti."

"Afande," Jukes akanong'ona, "yule Kapteni hakuita baba."

"Zimwi hilo limejifunza. Lete funguo."

Akazitia mfukoni, akaendelea na chai yake. Mkewe alimshika miguu akilia, naye hakumtazama. Mtu yule hakuwahi kutengua amri maishani mwake. Sauti ilidumu mpaka taa zikawashwa, kisha ikafifia.

Asubuhi walimkuta Edmund amejikunja kizingitini, amekakamaa kwa baridi kama kuni, kucha zimejaa rangi mpya.

Walimzika kwa heshima zote za kijeshi. Jenerali akarudi, akaketi, akaletewa chai. Kwaru, kwaru. Safari hii ilikuwa mikono ya watu wawili.

Alipeleka mkono mfukoni. Funguo hazikuwamo. Bibi Lavinia alikuwa ameshafika mlangoni, funguo mkononi, anazungusha kitasa.

"Ingieni, wanangu," alisema. "Yumo humu."