Ndeshi na Vigingi vya Utepe Mwekundu

Sogea. Sogea hapa karibu, nipe mkono. Umekaa? Haya, twende.

Ndeshi ana miaka sita. Anaishi mlimani na mama yake. Nyuma ya nyumba kuna migomba. Mbele kuna shamba la maharage.

Siku moja walikuja watu wa kupima ardhi. Wakapigilia vigingi vitano upande wa juu wa shamba. Ko, ko, ko, ko, ko. Kila kigingi kina utepe mwekundu.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Ni vya mpaka. Kijiji kizima tumekubaliana. Kutoka kwenye vigingi kwenda juu kutajengwa zahanati. Ukishikwa na homa nisikubebe tena mgongoni mpaka mjini. Kwenda chini ni shamba letu. Ni maharage yetu ya mwaka mzima."

Ndeshi akaimba:

*Huku maharage,*
*kule zahanati,*
*katikati utepe mwekundu.*

Jioni mama akainama shambani. "Maharage haya yanatambaa chini," akasema. "Yanataka miti ya kupandia. Yakilala hivi yataoza." Akaingia jikoni kupika.

Ndeshi akatazama maharage. Akatazama vigingi. Vimenyooka. Ni virefu. Ni vizuri.

"Nitamsaidia mama."

Akachomoa kimoja. Pwo. Akachomoa cha pili. Pwo. Pwo, pwo, pwo. Akavichomeka vyote katikati ya maharage. Kisha akanawa mikono, akaenda kula.

Asubuhi mama akabeba ndoo. "Naenda bombani. Leo greda inakuja kusawazisha kiwanja. Ikiunguruma, wewe kaa mbali. Mbali kabisa, Ndeshi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Unaijua greda? Ni mashine ya njano, kubwa kuliko nyumba ya Ndeshi. Tumboni ina kisu kirefu. Kinakwangua ardhi, ardhi inakuwa sawa kama meza.

Ngrrr. Ngrrr. Ikafika.

Dereva akachungulia. Akatafuta utepe mwekundu. Akauona kule chini, katikati ya maharage. "Aha. Mpaka ni pale," akasema. Akashusha kisu.

Ngrrr. Greda ikaenda, ikarudi. Ikashuka kidogo. Ngrrr. Ikaenda, ikarudi. Ikashuka tena.

Ndeshi yuko kwenye migomba. Anaona. Moyo unapiga, du, du, du.

*Huku maharage,*
*kule zahanati,*
*katikati...*

Katikati hakuna kitu. Utepe uko kwenye maharage. Nani kauweka? Ndeshi.

"Mjomba, simama," akaita. Dereva hakusikia. "Mjomba, siyo huko." Ngrrr, ngrrr. Hakusikia.

Angeweza kukimbilia mbele ya greda. Mguu mmoja ukatoka. Akaurudisha. Mama alisema mbali. Mbali kabisa.

Akageuka, akakimbia bombani. Akapita migomba, akaruka mfereji, akakimbia, akakimbia, du, du, du. Na njiani akawaza: nikimwambia mama, atanichapa. Nisipomwambia, maharage yataisha.

Akamkuta mama njiani na ndoo kichwani.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Vigingi. Nimevichomoa mimi. Nimeyapa maharage yapandie. Greda inakuja kwenye maharage, mama."

Ndoo ikaanguka, bwaaa. Mama akakimbia. Kandambili moja ikabaki njiani.

Akasimama pembeni, mbali, pale dereva anapoweza kumwona. Akapunga kanga. Akapunga, akapunga.

Ngrrr. Ngrrr. Ngr.

Kimya.

Mbele ya kisu kulikuwa na majani, hatua kumi tu. Baada ya majani, maharage.

Akaja Bibi Elieshi, mwenyekiti wa kitongoji. Anatembea upesi. Amekunja uso.

"Nani kahamisha mpaka?"

Ndeshi akajificha nyuma ya mama.

"Nimeuliza. Nani?"

Ndeshi akatoka nyuma ya mama. "Mimi, bibi. Shikamoo."

Dereva akacheka. "Kumbe mpima ardhi ndiye huyu? Hana hata meno ya mbele."

Bibi Elieshi hakucheka. Hakuitikia hata shikamoo. "Kijiji kizima tulikaa. Tukabishana siku mbili, zahanati ikae wapi, mashamba yabaki wapi. Watu wa kupima wameshaondoka. Sasa mpaka tutaujuaje?"

"Mashimo yapo," Ndeshi akasema kwa sauti ndogo.

Wakaenda kwenye majani, mama amemshika mkono. Shimo la kwanza hili hapa. La pili. La tatu. La nne. Kila shimo likarudishiwa kigingi chake. Ko. Ko. Ko. Ko.

La tano halipo.

Wakatafuta huku. Halipo. Wakatafuta kule. Halipo. Majani ni marefu.

"Mwenyekiti, mimi saa sita naondoka," dereva akamwambia Bibi Elieshi. "Kijiji cha chini wananisubiri."

"Basi kadiria," akasema Bibi Elieshi. "Lima tu mpaka pale."

Pale. Pale ni kwenye maharage. Mama akaushika mkono wa Ndeshi kwa nguvu, mpaka ukauma.

"Bado, bibi," akasema Ndeshi. "Kidogo tu. Tafadhali."

Akatembea polepole. Akapapasa majani kwa nyayo. Hatua moja. Hatua mbili. Hatua tatu. Dereva akapanda kwenye greda. Hatua nne.

Dumbwi. Vidole vya mguu vikazama.

"Ni hapa," akasema Ndeshi. Hakuuondoa mguu mpaka mama akaleta kigingi.

Ko.

*Huku maharage,*
*kule zahanati,*
*katikati utepe mwekundu.*

Ngrrr. Greda ikaenda, ikarudi. Ikafika kwenye utepe. Ikaishia hapo.

Lakini Bibi Elieshi bado amenuna. Anatazama pembeni.

Mama akamnong'oneza Ndeshi. Ndeshi akaenda kwenye ua wa nyumba, akakata jani la sale, ule mmea wa majani marefu. Mama akalifunga fundo. Ndeshi akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Bibi Elieshi.

"Nisamehe, bibi."

Huku mlimani ukiletewa jani la sale, huruhusiwi kuendelea kununa. Hata kama unataka. Bibi Elieshi alitaka kidogo, ungemwona mdomo. Akalipokea.

"Marahaba," akasema. "Umenitisha, mtoto wewe."

"Hata mimi nilijitisha, bibi."

Hapo mdomo ukamshinda Bibi Elieshi. Akacheka.

Kisha akakata vipande vitano vya shina la sale, virefu kama mkono wako. "Kigingi kinang'olewa hata na asiye na meno. Sale likishashika mizizi, haling'oki kirahisi. Ndiyo maana babu zetu walilipanda mpakani."

Wakapanda. Bibi Elieshi akachimba, mama akashikilia, Ndeshi akashindilia udongo. Pu, pu, pu. Sale moja kwa kila kigingi.

Na maharage? Mama akaleta matawi ya mikahawa aliyoyapogoa. Akachomeka moja kwa kila shina. Hayana utepe wowote.

Wakala ndizi za moto. Jua halijazama, lakini Ndeshi amechoka. Kichwa kikashuka kwenye paja la mama.

"Mama, utanichapa?"

"Hapana. Uliniambia mwenyewe. Na ulikaa mbali."

"Nilitaka kukimbilia mbele yake."

Mama akamvuta karibu, akamfunika kwa kanga.

"Lala, mwanangu."

Ndeshi akalala. Mama akaichukua miguu yake midogo, imejaa udongo. Akavihesabu vidole polepole, kimoja kimoja.

Kumi. Vyote vipo.