Mtoto Asiyetaka Uji

"Mwadila, baba Kwandu. Mtoto hajambo? Bado hataki uji?"

Bundala alikuwa ameinama, anapigilia vigingi vya hema. Akaacha kupiga. Nyuma yake mkewe, Anyesi, alikuwa ameshika kamba, nayo ikamponyoka.

"Mwadila, mayu Esteria," Bundala akaitikia salamu ile ya Kisukuma kwa sauti ya chini, akimwita mama. "Hajambo."

Esteria, mama anayetunza kambi ile ya msituni, akatua mzigo wa kuni na kuondoka zake. Maskini, hakujua amewasha moto gani.

Maana Bundala na Anyesi hawakuwa na mtoto. Walimpata mmoja tu, miaka mitatu nyuma, akafariki siku ileile aliyozaliwa, akazikwa bila jina. Pale Bariadi wanakoishi, wanawake wenzake Anyesi wote wanaitwa mama fulani. Yeye hadi leo ni Anyesi, kavukavu, na kila akiitwa linamchoma.

Na tangu msiba ule mumewe alianza tabia mpya. Mvua zikianza tu, anabeba hema, huyo anakwenda kulala kwenye msitu wa hifadhi, mbele ya kijiji cha Kimali. Eti kusikiliza maporomoko. Flora, dada yake Anyesi, ambaye Mungu hakumnyima mdomo, alishasema: "Mwanaume mzima alale porini peke yake? Huko ana nyumba ndogo, mdogo wangu." Ndiyo maana safari hii Anyesi aling'ang'ania kuja.

Walipoanza kupanda kilima kwenda kwenye maporomoko, simu ya Anyesi ikashika mtandao. Akaandika haraka: "Flora, ana mtoto. Anaitwa Kwandu."

Jibu halikuchelewa: "Nilikwambia ukaniona mbaya. Fungasha, uje Sola kwa baba. Kesho hiyohiyo."

Akaandika: "Nakuja."

Wakaendelea kupanda. Msitu ulikuwa kimya, majani yakidondosha mvua ya asubuhi. Kwenye jiwe lenye utelezi Bundala alimnyooshea mkono. Anyesi akaupita, akashika mzizi.

Maporomoko yalikuwa yamejaa, maji mekundu ya udongo.

"Kwandu ni nani?"

"Sikusikii."

"Nimesema umezaa na nani, Bundala?"

Bundala akamshika kiwiko, akamtoa kwenye kelele mpaka nyuma ya mwamba.

"Nimezaa na wewe."

"Usinichezee."

"Kwandu ni yule wetu. Nilimpa jina la bibi yangu."

Anyesi akakaa chini palepale, kwenye tope.

"Nilikuja huku kulia," Bundala akasema. "Pale kwenye maji mtu hasikiki. Esteria akanikuta. Akaniuliza, baba, una watoto wangapi? Nikasema mmoja. Akauliza anaitwa nani. Nikashindwa kusema hana jina."

"Na uji?"

"Kila nikija anauliza anakula nini. Nikasema uji hataki."

"Ulimwona?"

"Nilimbeba. Wewe ulikuwa bado umelala na dawa za upasuaji. Akina shangazi wakasema nisikusimulie, utapata mwingine, utasahau."

"Alikuwaje?"

"Nywele nyingi. Masikio yako. Kidole cha pili cha mguu kirefu kuliko gumba, kama changu."

Anyesi aliumia kuliko kama angeambiwa kuna mwanamke mwingine.

"Miaka yote hii umekuwa baba peke yako," akasema. "Mimi ukaniacha nikabaki Anyesi. Kesho nakwenda Sola kwa baba."

Usiku ule walilala wamepeana migongo, na mvua juu ya hema haikukatika.

Asubuhi Esteria akaja na sufuria ya uji.

"Mwangaluka, baba Kwandu."

Bundala akamtazama mkewe.

"Mwangaluka, mayu," Anyesi akaitika. "Mimi ndiye mama Kwandu."

"Eeh, karibu sana, mama Kwandu. Na mtoto mmemwacha kwa nani?"

Bundala akainamisha kichwa.

"Alifariki, mayu," Anyesi akasema. "Siku aliyozaliwa. Huyu baba yake alikuwa anaogopa kukwambia."

Esteria akatua sufuria. Akavua kitenge cha begani, akajifunika kichwani, akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Poleni," akasema. "Poleni na Kwandu."

Hakuna aliyewahi kumpa Anyesi pole hiyo. Akakaa pembeni ya yule mama, akalia kwa sauti, na hakutafuta kelele ya maji imfiche. Bundala naye akaja kukaa.

Uji ukapoa.

"Bado unakwenda Sola?" Bundala akauliza baadaye, akikunja hema.

"Nakwenda," Anyesi akajibu. "Na wewe unakuja. Baba yangu hajui jina la mjukuu wake."