Jina Lililomiminwa kwenye Injini

Injini ya trekta ilikuwa ya moto. Ascencia aliondoa kiganja haraka, kisha akaigusa tena kwa ncha ya kidole, maana hakuamini. Nje maji ya ndoo yalikuwa bado barafu tupu, na trekta lile halikuwa na tone la dizeli.

"Zenobio! Umeiwasha hii?"

"Niiwashe kwa mate?" Mumewe alicheka, mikono myeusi kwa grisi. "Stata yenyewe ile pale mezani, mama."

Ascencia alitaka kucheka naye, akashindwa. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Wawili waliotangulia aliwazika kabla hawajalia, na huyu wa tatu, tangu injini ile ifungwe, alikuwa akipunguza kucheza. Tangu jana hakucheza kabisa.

Injini ya mwanzo ilipasuliwa na baridi, bloku ikapata ufa kama chungu. Fundi mwingine angelivuta trekta likawe banda la kuku, lakini Zenobio si mtu wa kushindwa na chuma. Alipanda mlimani hadi kwenye mgodi uliohamwa, akafungua injini ya winchi iliyokuwa ikivuta mawe ya bati kutoka chini, maana ilikuwa pacha wa ile ya kwake. Akaisugua kutu, akaitia pistoni mpya na ringi mpya, akazisaga valvu zikakaa sawa. Alipokaza nati ya mwisho ya kuishika kwenye trekta akafanya kama afanyavyo kila mtu wa milima ile: akaivika karatasi za rangi, akatupia majani ya koka, akamimina pombe kali na kutaja jina la mwenye mali, ili Mama Ardhi, mungu wa udongo wao, amjue. Kwa mapenzi hakutaja lake.

"Trekta hili ni la mwanangu aliye tumboni," alisema, na Ascencia akambusu mbele za watu.

Mchana ule upepo wa vumbi ulipoanza, Ascencia alimpelekea chakula karakanani. Aliisikia kabla hajaingia: du, du, du, polepole, kutoka kwenye chuma kilicholala. Kulikuwa na harufu ya sigara na ya mawe yaliyolowa, na Zenobio havuti.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia," alisema Zenobio. Hakucheka tena. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili ili akipanguse, kama mtu anayetafuta kazi ya kuishughulisha mikono, na kijiti kikatoka chekundu, kikitoa mvuke, kikinuka harufu ambayo Ascencia aliijua vizuri mno, harufu ya chumba alimozalia wale wawili, na hapo hapo tumbo lake likakakamaa na kuwa la baridi, baridi iliyoanzia ndani, na akapiga yowe.

Zenobio alikimbia kumleta mama Leocadia, mjane wa mchimba madini, aliyebashiri kwa kuyasoma majani ya koka. Mama yule hakuvuka kizingiti.

"Chuma hiki umekitoa wapi?"

"Mgodini, mama."

"Na ukataja jina la nani?"

Zenobio alimwambia.

"Mjinga wee! Huku juu ukitaja jina unamtaja mwenye mali. Kule chini kwa Mjomba, yule shetani wa mgodi mwenye pembe na sigara mdomoni, ukitaja jina unamkabidhi mtu. Injini hii ni yake. Mtoto umeshampa!"

"Naifungua sasa hivi, nairudisha!" Zenobio alirukia spana, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote. Nati hazikutikisika.

"Acha," alisema mama Leocadia. "Jina halifutiki. Linabadilishwa kwa jina jingine."

Zenobio alitazama sakafu. Ascencia aliiona hofu yake, na kwa muda ule alimchukia mumewe kwa moyo wote. Akanyoosha mkono kuichukua mezani chupa ya ile pombe. Zenobio akampokonya.

"Ukienda wewe, naye si anakwenda? Akili zako ziko wapi, mama?" Alijaribu kutabasamu.

Akaimimina pombe juu ya injini. Akalitaja jina lake lote, la baba na la babu, na injini isiyo na stata wala mafuta ikanguruma hadi mabati ya paa yakatetemeka na spana zikaanguka ukutani moja baada ya nyingine, ikanguruma huku mama Leocadia akiziba masikio na Ascencia akilikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, mpaka ikakata ghafla, na katika ukimya ule mtoto akapiga teke.

"Anacheza!" Ascencia alilia na kucheka. "Zenobio, anacheza!"

Zenobio alikuwa ameketi juu ya kreti, amewapa mgongo, akipangusa kidole kimoja kwa kitambaa, kile kile, tena na tena.

"Zenobio?"

Hakugeuka. Mama Leocadia alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume uani.

"Zenobio, mume wangu, nakuita!"

Ndipo kutoka ndani ya bloku, nyuma ya radieta, sauti ya mumewe, ile ile ya upole aliyoizoea, ikamwitikia.

"Naam, mama. Mbona humu giza?"