Soksijoto za Shira

Ukuta mzima wa chumba cha uangalizi ulijaa nyayo. Mamia ya nyayo za kijani ziliteremka kutoka juu kwenda chini, mbili mbili, zikipinda kushoto na kulia, zikianguka, zikiinuka tena. Kila jozi ilikuwa mtu mmoja aliyekuwa akiteleza juu ya mbao zake kwenye theluji ya Shira, na rangi ya kijani ilimaanisha kwamba vidole vyake vyote vya miguu vilikuwa na joto. Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Ukutani hapakuwa na unyayo hata mmoja wa njano.

Mhandisi Aikaeli Mringi aliutazama ukuta ule kwa raha ya mama anayetazama watoto wake wakila. Soksijoto zilikuwa kazi ya mikono yake.

Kilimanjaro ilikuwa imepoteza theluji yake kabla bibi yake Aikaeli hajazaliwa. Watu wakairudisha kwa nguvu, wakasimamisha minara ya baridi kandokando ya uwanda wa Shira, mirefu, inayonguruma mchana kutwa na kumwaga hewa ya barafu mteremkoni. Watalii wakaja, wenyeji wakajifunza kuteleza, na wote wakalalamikia kitu kimoja: miguu. Waliotoka Dar es Salaam walikuwa na tabu zaidi. Walivaa soksi tatu za pamba, moja juu ya nyingine, kisha wakaisokomeza miguu ndani ya buti mpaka damu ikakosa pa kupita. Pamba ikanywa jasho, jasho likaganda, na mtu aliyekuja kustarehe akateremshwa mlimani amebebwa mgongoni.

Soksijoto ilimaliza hayo. Ilikuwa moja tu, nyembamba kama soksi ya kwendea kanisani, na haikuwa na moto wowote ndani yake. Mwili unapoona baridi hufunga mishipa ya miguuni. Nyuzi za soksi hii ziliikataza mishipa isifunge. Damu ya moto kutoka kifuani iliendelea kushuka hadi kwenye kucha. Matangazo yalisema, "Joto lako mwenyewe," na safari hiyo matangazo yalisema kweli. Aikaeli alisifiwa, akapewa tuzo, akasifiwa tena. Wahenga walituonya kuhusu mgema anayesifiwa, lakini nani huwa anajidhania kuwa ndiye mgema?

Alasiri ile wingu zito lilipanda kutoka upande wa msituni, likakutana na hewa ya minara, na kwa muda mfupi mteremko wote ukawa mweupe, hauonekani. Akili unde iliyoongoza mlima, ambayo wafanyakazi waliiita Mlinzi, ikaamuru watu wote washuke. Nyayo zikamiminika kuelekea chini, zikatoka ukutani moja baada ya nyingine. Minara ilizimwa, lakini baridi iliyokwisha kumwagwa haikusanywi. Jozi moja tu ya kijani ikabaki, imetulia ndani ya korongo la kaskazini.

Ilikuwa ya Kanankira, mdogo wake Aikaeli, kitinda mimba wa mama yao.

Kanankira alikuwa mwokoaji wa mteremko, na pia ndiye mtelezaji mwenye kasi kuliko wote nchini. Mwezi uliofuata alikuwa aende kwenye mashindano ya dunia, na mama yao alikwisha shona vitenge vya sare kwa ukoo mzima.

"Nimempata yule aliyepotea," sauti yake ilisema kwenye redio. "Ni Mwalimu Kasanda, mstaafu kutoka Tabora. Amevunjika mguu chini ya goti. Nimemvisha koti langu."

"Na wewe umebaki na nini?" Aikaeli aliuliza.

"Sweta. Usiwe na wasiwasi, dada. Miguu yangu ina moto utadhani nimeiweka jikoni."

Nyuma yake mzee alisikika akilalamika. Mwalimu Kasanda alikuwa amezikataa soksijoto dukani, akavaa za sufu alizofumiwa na mkewe, na sasa alikuwa akiwaambia wote wanaosikia kwamba vidole vinamuua.

Kuvua koti ndiyo desturi ya waokoaji wa Shira: aliyekuta humvika aliyekutwa, hakuna mjadala. Gari la minyororo lilikuwa limeondoka kuwafuata, lakini kwa upepo ule lingechukua zaidi ya saa moja. Droni zote zilikuwa zimetua.

"Mwokoaji yuko salama," Mlinzi akasema. "Rangi ni kijani."

Dakta Sekela Mwaipopo, daktari wa zamu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Aikaeli, mikono mifukoni. Akainama kwenye redio.

"Kanankira, baba, unatetemeka?"

"Nilikuwa natetemeka. Nimeacha." Alisema polepole, kama mtu anayetafuna. "Sasa sijambo kabisa. Nataka... nataka kukaa kidogo."

"Usikae," Dakta Sekela alisema. "Tembea mumo humo korongoni."

"Nitatembea baadaye, dakta."

Daktari akafunga kipaza sauti. "Simpendi anavyozungumza. Mtu aliyeacha kutetemeka kwenye baridi hii hajapona, ameishiwa. Nataka kujua joto la kifua chake."

"Soksi hazipimi kifua," Aikaeli alijibu. Halafu akajisikia mwenyewe akisema, akakumbuka zinachopima.

Soksi zilipima damu inayoingia mguuni. Namba ile ilikuwamo, imefichwa chini ya tabaka tatu za taarifa ambazo hakuna aliyewahi kuzihitaji. Akaifungua. Damu iliyokuwa ikishuka kwa Kanankira ilikuwa na nyuzi thelathini na mbili, na wakati wanaitazama ikapungua.

"Eleza kifaa chako kinafanya nini," daktari alisema taratibu. "Nieleze kama mtoto."

"Kinaiweka mishipa ya miguu wazi. Damu inakwenda chini na joto."

"Na inarudi na nini?"

Aikaeli akawaona wapagazi akilini mwake. Soksijoto zilijaribiwa kwa wapagazi wa mlima, mwaka mzima, na hakuna aliyeona kasoro. Lakini mpagazi wa Kilimanjaro hasimami na mzigo kabla ya kambi. Anayeketi njiani huimbwa na wenzake mpaka ajute. Walitembea tangu asubuhi, migongo ikifuka mvuke, wana joto la kugawa na kubakiza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye theluji na sweta peke yake. Na yeye, mjukuu wa wapagazi, alikulia katika nyumba ambayo kuketi baridini ni aibu, kwa hiyo wazo la kumjaribu mtu aliyeketi halikumjia kabisa.

"Mwili una hekima ya kikatili," Dakta Sekela alisema. "Ukizidiwa, huitoa miguu ili moyo upone. Wewe umeukataza. Kila pigo la moyo linapeleka moto theluji ikaule, na kinachorudi ni baridi. Mzee yule analia miguu kwa sababu mwili wake unajitetea. Ndugu yako yuko kimya kwa sababu anakufa."

"Nikizima, mishipa itafunga ghafla."

"Ndiyo."

"Na buti zimelowa. Miguu itaganda."

"Yote miwili, naona. Sikudanganyi."

Thelathini na moja na nusu.

Soksijoto ilizimwa kwa sauti ya mvaaji au kwa amri ya mhandisi mkuu. Aikaeli alifungua redio. Alitaka sauti yake iwe ya kawaida, nayo ikakataa.

"Kana. Nisikilize. Soksi zinakunyonya joto la kifuani. Lazima zizimwe. Sema uzime."

Upepo ulisikika, kisha pumzi.

"Nikizima, miguu itakuwaje?"

"Itaganda."

"Kiasi gani?"

"Sana, mdogo wangu."

Aliposema, usingizi ulikuwa umemtoka kidogo. "Hapana. Usiiguse miguu yangu, dada. Mimi sikusoma kama wewe. Mimi ni miguu. Ukiiondoa hiyo, kinachobaki wala sikijui."

"Kinachobaki ni mwana wa mama."

"Nitavumilia mpaka gari lije. Niahidi hutazima."

Dakta Sekela aliitazama namba, akatikisa kichwa. Gari la minyororo lilikuwa bado nusu ya njia.

"Niahidi," Kanankira alirudia, na neno likamfia mdomoni.

Aikaeli aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Akaweka kiganja juu ya meza, akasema jina lake na cheo chake, akaamuru soksi zizimwe. Mlinzi akauliza kama ana uhakika, kwa kuwa vidole vya mvaaji vilikuwa katika hali nzuri. Akasema ana uhakika.

Nyayo mbili zikawa njano. Zikawa nyekundu. Halafu zikazimika, ukuta ukabaki mtupu.

Mwanzoni redio haikutoa kitu. Kisha Kanankira akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyeingizwa miguu kwenye maji yanayochemka, akamtukana dada yake kwa matusi ambayo mama yao hakuwafundisha, na katikati ya matusi meno yake yakaanza kugongana. Dakta Sekela akafumba macho. "Anatetemeka," alisema. "Mwache atukane. Akiacha, mchokoze." Mwalimu Kasanda naye, mguu wake umevunjika, alimvuta kijana kifuani pake chini ya yale makoti mawili, akamwambia kwa sauti ya darasani asithubutu kulala. Aikaeli alizungumza na ndugu yake bila kupumzika, akamchokoza, akamwita mwoga, akamkumbusha kila kosa la utotoni, mpaka taa za gari zilipoingia korongoni.

Kanankira alipona. Moyo wake haukupata hata kovu. Miguu ilikatwa katika hospitali ya Moshi, wa kushoto juu ya kifundo, wa kulia chini kidogo ya goti. Mwalimu Kasanda alipoteza vidole viwili, akalalamika kwa haki. Soksijoto zote zilikusanywa, na Aikaeli mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari akaeleza kosa lilikuwa wapi, bila kumsukumia mtu.

Kwa wiki mbili Kanankira hakutaka kumwona. Siku alipokubali, Aikaeli alimkuta ameegemea mito, amekonda, anatazama dirisha. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa na majibu ya kitabibu, ya kihandisi, na la mwisho la kupiga magoti.

"Nilipokataa," Kanankira alisema, "ulikuwa umeshaamua kuzima?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

Katika majibu yake yote, jibu la swali hilo halikuwamo. Akavuta kiti, akaketi. Kanankira alikuwa na haki ya kuambiwa ukweli, hata kama haukuwa mzuri.

"Nilitaka useme ndiyo," alisema. "Nisiwe peke yangu."

Kanankira akafikiri. Machozi yalimtoka bila sura yake kubadilika, naye hakuyafuta.

"Siku nyingine ukiwa umeshaamua, usiniulize," alisema. "Mimi kila nikiamka najisikia nikisema hapana."

Akamwambia amvutie blanketi, chumba kina baridi. Aikaeli akasimama. Akalivuta mpaka mwisho wa kitanda, akalichomeka chini ya godoro pande zote mbili, kama mtu anavyomfunika mdogo wake, na mikono yake ikapita juu ya shuka tupu.